UZI: Kata za karate zilianzia wapi, na ni akina nani waliozibadilisha mpaka zikatufikia

Nyundo ya Pwani

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kwenye makundi yetu ya karate kuna bishano lisilokwisha. Mtu anatuma video ya kata ya Seisan (kata ni mfululizo wa miondoko uliopangwa, unaofanywa peke yako), hata haijamalizika kupakuliwa keshajibiwa: "hiyo siyo Seisan, mmeichakachua." Wa mtindo wa Shotokan anambeza wa Shito-ryu, wa Goju-ryu anawaona wote wawili wamepotea, na kila mmoja anaapa kuwa ya kwake ndiyo ya asili. Jambo hili nimelifuatilia muda mrefu, leo nataka niliweke hapa lote.

Msimamo wangu nautoa mapema ili atakayepinga ajue anapinga nini: hakuna kata hata moja tunayoifanya leo iliyotufikia bila kuguswa. Na wengi waliozigusa tunawajua kwa majina. Tunajua walikuwa akina nani, walifanya hivyo lini, na walikuwa wanatafuta nini. Kwa hiyo badala ya kuuliza "ipi ni ya kweli?", uliza "hii imepita mikononi mwa nani?"

Tuanze na Okinawa yenyewe, kisiwa karate ilikozaliwa. Enzi hizo haikuwa sehemu ya Japani. Ilikuwa kitovu cha Ufalme wa Ryukyu, visiwa vilivyotawanyika baharini kati ya Kyushu na Taiwan, na ufalme huo uliishi kwa biashara ya bahari. Mwaka 1372 mfalme wa Chuzan, mojawapo ya falme ndogo za kisiwa hicho, alianza kupeleka zawadi za utii kwa Wachina wa utawala wa Ming, naye akafunguliwa mlango wa biashara. Masimulizi ya huko yanataja mwaka 1392 kuwa ndipo familia za Kichina kutoka Fujian zilipokuja kukaa Kume, jirani na bandari ya Naha: waandishi, wakalimani, wajenzi wa vyombo. Upande wa pili, mjini Fuzhou, Waryukyu walikuwa na nyumba yao ya kufikia. Wafanyabiashara na wanafunzi walikaa pale miezi, wengine miaka.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Anayejua majahazi ya kaskazi yalivyoleta watu waliosubiri kusi ili warudi kwao, na yaliyotokea kati ya misimu hiyo miwili kwenye lugha, mapishi na ndoa, anaelewa ngumi za Fujian ziliingiaje Okinawa. Hazikuletwa na jeshi wala na mtawa mmoja. Ziliingia na watu wa melini, kidogo kidogo, kwa karne kadhaa.

Ushahidi wa maandishi ni haba, ila upo. Mwaka 1762 chombo cha Waryukyu kilisukumwa na dhoruba mpaka Oshima, katika jimbo la Tosa huko Japani. Msomi mmoja wa Tosa akawahoji abiria na kuyaandika majibu yao. Humo anatajwa Mchina aliyeitwa Koshankin, mtu mwembamba asiye na nguvu nyingi, aliyewashangaza Waryukyu kwa ufundi wa kukamata na kuangusha. Wengi wanaamini huyo ndiye aliyeiachia jina kata ya Kusanku, ambayo watu wa Shotokan wanaiita Kanku. Ushahidi mwingine ni wa mwaka 1867. Kulikuwa na sherehe mjini Shuri, makao ya mfalme, baada ya ujio wa wajumbe wa mfalme wa China, na ratiba ya maonyesho yake imebaki mpaka leo. Bwana Aragaki anatajwa kuonyesha Seisan, na kata ya Suparinpei nayo imo. Kwa hiyo Seisan ilikuwa inaonyeshwa hadharani, kwa jina hilohilo, zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Kuna hadithi moja ningependa tuiweke pembeni mapema, ile ya wakulima walionyang'anywa silaha na Wajapani wakaamua kubuni karate usiku shambani. Ni kweli watu wa Satsuma waliivamia Ryukyu mwaka 1609 na kuiweka chini yao. Lakini angalia walimu tunaowajua. Matsumura Sokon alikuwa mlinzi wa wafalme. Itosu Anko alikuwa karani serikalini. Motobu Choki alizaliwa kwenye tawi la ukoo wa kifalme. Wengi walikuwa watu wa tabaka la watumishi wa ufalme, wenye muda, elimu na kazi ya ulinzi. Mkulima wa viazi aliyeshinda juani kutwa hakuwa na nafasi hiyo.

Nitaendelea na Itosu. Bila yeye sisi wengine hata tusingejua kata ni nini.

Shomari wa Magomeni

Nimeweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

Ila kabla hujaendelea nina swali. Sensei wangu wa kwanza alitufundisha kuwa yote haya yametoka Shaolin kwa Bodhidharma, mtawa kutoka India, na ukutani alikuwa amebandika picha yake. Wewe umemruka kabisa. Vipi hapo?

Nyundo ya Pwani

Shomari, nimemruka kwa makusudi, na sababu anayo Itosu mwenyewe. Oktoba 1908 aliandika barua yenye mambo 10 kuhusu karate. Anaianza kwa kusema kuwa karate haikutokana na dini ya Buddha wala mafundisho ya Confucius, na kwamba mikondo yake miwili, Shorin na Shorei, ililetwa kutoka China. Huyo ni mwalimu wa walimu wetu, anazungumza kwa kalamu yake.

Habari ya Bodhidharma kufundisha mazoezi Shaolin imejengwa juu ya kitabu cha mazoezi cha China cha mwaka 1624 hivi, ambacho kilibandikwa jina lake zaidi ya miaka 1,000 baada ya zama zake. Walimu waliirithi hadithi hiyo kwa nia njema. Picha ibaki ukutani kama heshima, lakini usimjengee kata historia juu yake. Ukitaka asili ya Kichina iliyo karibu zaidi na sisi, tazama Fujian, hasa mtindo wa korongo mweupe wa Yongchun. Okinawa walikuwa na maandishi yanayoitwa Bubishi, yaliyonakiliwa kwa mkono kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, yenye habari za korongo huyo, dawa za majeraha na michoro ya kukamata na kupiga. Mabuni Kenwa, mwanzilishi wa Shito-ryu, alichapisha sehemu yake mwaka 1934.

Haya, Itosu. Alizaliwa mwaka 1831. Akiwa mtu mzima aliona dunia yake ikiporomoka: mwaka 1879 Japani iliufuta ufalme, mfalme akapelekwa Tokyo, na Ryukyu ikawa mkoa wa Okinawa. Watumishi wa ufalme waliokuwa wakiishi kwa posho wakabaki mikono mitupu. Ujuzi uliokuwa siri ya mabwana wa Shuri ukawa hauna mwenyewe.

Itosu akaupeleka shuleni. Mwaka 1901 karate ilianza kufundishwa katika shule ya msingi ya Shuri, na mwaka 1905 ikaingia shule ya sekondari ya mkoa na chuo cha ualimu. Barua ile ya 1908 iliandikwa kuwashawishi wakubwa waipanue zaidi. Anawaambia kuwa mazoezi haya yatajenga vijana watakaofaa jeshini, na anamleta Wellington wa Uingereza, kwamba alipomshinda Napoleon alisema ushindi ule ulianzia kwenye viwanja vya shule. Mzee wa Shuri anamnukuu jemadari wa Kiingereza ili serikali ya Japani ikubali mchezo wa asili ya Kichina! Alijua anazungumza na nani.

Lakini shule ina masharti yake. Zamani mwalimu alikuwa na mwanafunzi mmoja au wachache, uani kwake, mara nyingi usiku, na kata moja ililiwa miaka. Funakoshi Gichin, mwanafunzi wa Itosu aliyeipeleka karate Tokyo, ameeleza kuwa kata tatu za Naihanchi pekee zilimchukua kama miaka 10. Sasa weka mwalimu huyo mbele ya watoto wengi waliosimama kwa mistari, kengele inasubiriwa. Hawezi kumfundisha kila mmoja namna ya kuvunja kiwiko au kuchoma koo, tena watoto! Kwa hiyo Itosu akatunga kata tano za Pinan, akachukua vipande vya kata za zamani, akavipanga kwa kufuata ugumu wa kujifunza.

Hili unaweza kulihakiki mwenyewe leo jioni. Simama ufanye Heian Nidan (ndivyo Shotokan wanavyoiita Pinan Shodan) mpaka pale unapopiga teke la upande pamoja na uraken (mgongo wa ngumi), halafu unageuka, shuto (makali ya kiganja), shuto, shuto, unaingia nukite (ncha za vidole) kwa kiai (ukelele). Kisha fanya Kanku Dai. Utakikuta kipande kilekile, kwa mpangilio uleule. Kata kubwa imekatwa, mtoto akapewa kipande anachoweza kukibeba.

Sasa hasara. Mikono mingi iliyokuwa wazi ikafungwa ngumi. Mambo ya kukamata, kukaba na kuangusha yakabaki ndani ya miondoko, lakini maelezo yake hayakwenda darasani. Itosu hakuficha hilo. Kwenye barua ileile anasisitiza kuwa lazima upewe ufafanuzi wa kila mbinu, ujue inatumika wakati gani, na anasema mengi ya kuingia, kupokea na kujinasua hufundishwa kwa mdomo. Watoto wa shule walipata miondoko tu. Baadhi yao wakawa walimu, wakafundisha walichopewa.

Simlaumu. Bila uamuzi ule ujuzi huo ungezikwa na wazee wake.

Mama Nuru

Kaka Nyundo, asante kwa uzi. Mimi si mchezaji, ni mzazi tu, lakini nimesoma mstari kwa mstari. Binti yangu anajiandaa kwa mtihani wa mkanda hapa Dar, dojo yao ni Shotokan, na kata yake ni Heian Shodan. Binamu yake yuko Nairobi, anafanya Wado-ryu. Walipokutana likizo wakaanza kuonyeshana. Yule wa Nairobi akasema, "Hiyo siyo namba moja, hiyo ni Pinan Nidan, namba mbili." Binti yangu akalia, akadhani amefundishwa vibaya. Nani kadanganywa hapo?

Nyundo ya Pwani

Mama Nuru, shikamoo. Mwambie binti hajadanganywa, wala binamu yake. Ni kata ileile, namba zilibadilishwa, na aliyezibadilisha tunamjua.

Funakoshi alikuwa mwalimu wa shule Okinawa, mwanafunzi wa mwalimu Azato na wa Itosu. Mei 1922 alikwenda Tokyo kuonyesha karate kwenye maonyesho ya michezo ya kitaifa. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, akamwalika Kodokan, shule yake ya judo, na huko akaonyesha Kusanku. Alikuwa ameshapita miaka 50. Hakurudi kuishi Okinawa tena kwa muda mrefu, akabaki Tokyo akifundisha, wengi wao wakiwa wanafunzi wa vyuo vikuu.

Alipofundisha aliona Pinan Shodan ya Itosu ni ngumu kuliko Pinan Nidan. Ile ya kwanza inaanza na mikono miwili juu kwa pamoja na mkao wa nyuma, wakati ya pili ni gedan barai (kufagia chini kwa mkono), ngumi, hatua, ngumi. Akazibadilishana nafasi ili anayeanza aanze na nyepesi. Ohtsuka Hironori, aliyeanzisha Wado-ryu, alikuwa mwanafunzi wa Funakoshi, lakini alibaki na majina ya Okinawa na mpangilio wa zamani. Ndiyo maana mabinti wawili wa ukoo mmoja wana namba tofauti kwa kata moja.

Majina nayo Funakoshi aliyabadilisha: Pinan ikawa Heian, Naihanchi ikawa Tekki, Kusanku ikawa Kanku, Seisan ikawa Hangetsu, Chinto ikawa Gankaku, Wanshu ikawa Enpi. Kumbuka miaka yenyewe. Japani ya miaka ya 1930 ilikuwa inapigana China, na kitu chochote chenye harufu ya Kichina kilitazamwa vibaya. Shirika kuu la sanaa za mapigano za Japani, Dai Nippon Butoku Kai, liliitambua karate mwaka 1933, na kutambuliwa kuliendana na kuvaa mavazi ya nyumba ile: gi (nguo ya mazoezi) na mikanda kwa mfano wa judo ya Kano, madaraja ya kyu na dan, majina ya Kijapani. Mikanda myeusi ya kwanza Funakoshi aliitoa mwaka 1924. Wale mabwana wa Shuri waliofundishana uani hawakuwahi kufunga mkanda wa rangi.

Kisha mwili wenyewe wa kata ukabadilika. Tazama picha za Funakoshi katika kitabu chake cha 1925: mkao uko juu, miguu imekaribiana, mtu amesimama kama anayeweza kutembea. Mwanawe Yoshitaka, pamoja na vijana wa vyuoni, wakaushusha mkao, wakaurefusha, wakaweka nguvu kubwa kwenye hatua. Mkao wa paka wa Okinawa ukageuka kokutsu dachi (mkao wa uzito nyuma) ndefu. Kwenye kipande kile cha Heian Nidan nilichokitaja juu, watu wa Okinawa wanapiga teke la mbele. Shotokan wakaweka teke la upande. Yoshitaka alifariki mwaka 1945 akiwa bado kijana, lakini ukiona Shotokan popote pale duniani na magoti yale yaliyopinda sana, alama zake zimo.

Binamu wa Nairobi na binti yako wakifanya pamoja taratibu, waambie waangalie miguu. Huo ni ukurasa wa historia, na wanao nyumbani.

Mdau wa Mvita

Ndugu Nyundo umesema vyema, ila nakuona umelala upande wa Shuri, mkondo wa Itosu. Nasi wa mkondo wa Naha tuna neno. Mimi ni wa Goju-ryu, hapa Mombasa.

Mstari wetu unaanza na Higaonna Kanryo, aliyezaliwa mwaka 1853. Kwao walikuwa wakichuuza kuni kwa mashua. Alikwenda Fuzhou akiwa kijana, akasoma kwa mwalimu anayejulikana kama Ryu Ryu Ko, akarudi Naha. Mwanafunzi wake Miyagi Chojun ndiye mwenye Goju-ryu.

Kwetu sisi mlango ni kata ya Sanchin. Kwa asiyeijua nieleze. Hatua zenyewe ni chache mno: unakwenda mbele hatua tatu, unageuka, unarudi. Mtazamaji ataona hakuna kitu. Lakini vidole vya miguu vimeishika sakafu, magoti yameingia ndani kidogo, makalio yamebanwa, mabega yameshushwa, na pumzi inatoka nzito kutoka chini ya kitovu. Sensei anazunguka nyuma yako, anakupiga mabegani kwa viganja, anakubana ubavuni, anakugonga mapajani. Akipata palipolegea utajua. Jasho linatoka hata kama hujaondoka pale ulipo. Kwenye Goju tunaifanya kwa ngumi zilizofungwa.

Sasa mchukue Uechi Kanbun, mwanzilishi wa Uechi-ryu. Naye alikwenda Fuzhou, mwaka 1897, akarudi na kata tatu tu: Sanchin, Seisan na Sanseiryu. Sanchin yake mpaka leo ni ya viganja wazi, vidole mbele kama mikuki, na pumzi yake si ya kunguruma kama yetu. Mji ni uleule, jina la kata ni lilelile, wamepishana kama miaka 20, na ukiwaweka pamoja unaona ndugu wawili, si pacha. Baadaye mwanawe Kanei na wenzake wakaongeza kata tano za kati, zikawa nane, kwa sababu anayeanza hakuweza kuruka kutoka Sanchin mpaka Seisan moja kwa moja.

Na Miyagi naye alitunga. Tensho ni yake. Gekisai mbili alizitoa karibu na mwaka 1940, wakati mkoa wa Okinawa ulipotaka kata rahisi za kufundishia umma. Nagamine Shoshin wa Matsubayashi-ryu alitoa moja kwa kazi hiyohiyo. Hawa walikuwa wakifanya alichofanya Itosu miaka 30 na ushei kabla. Mashehe wa karate wenyewe hawakuogopa kuongeza. Basi sisi twaogopa nini kukiri kwamba zimeongezwa?

Nyundo ya Pwani

Mdau, nashukuru, hapo kwa Uechi umemaliza kazi niliyoiogopa. Na hata hapa Dar Goju-ryu imekuwapo tangu miaka ya 1970, kwa hiyo wapo wazee wanaoweza kuisimulia Sanchin kuliko mimi.

Niongeze jina la Mabuni. Yeye alisoma kwa Itosu na kwa Higaonna wote wawili, akaweka kata za pande zote ndani ya Shito-ryu, ndiyo maana wana zaidi ya 50. Anayetaka kuona Naha na Shuri kwenye dojo moja aende huko.

Kocha Mstaafu

Nimekaa kimya muda mrefu, sasa niseme. Nimefundisha vijana wa kumite (mapambano ya watu wawili) miaka mingi. Historia yenu ni tamu, lakini kata haipigani. Nimeona mabingwa wa kata wakipigwa na kijana wa mkanda wa kijani mwenye miguu myepesi. Hakuna mtu anayekushambulia akisubiri umalize gedan barai ukiwa umevuta ngumi nyingine kiunoni. Kama mambo yenyewe yamebadilishwa mara zote hizo na maelezo yalipotea kama ulivyosema, tunashikilia nini?

Nyundo ya Pwani

Kocha, swali lako ni la haki na nalijibu kwa mfano mmoja, Naihanchi.

Watu huidharau kwa kuwa inakwenda pembeni tu, kushoto na kulia. Wengine wanasimulia kuwa ilitungwa kupigana ukiwa umeegemea ukuta. Tuiangalie kwa karibu. Unavuka mguu, unapanua mkono wa kulia ubavuni, kiganja wazi. Kisha kiwiko cha kushoto kinakuja kukipiga kiganja hichohicho. Peke yako mbele ya kioo ni ajabu, kwa nini ujipige kiganja? Sasa muweke mtu. Mkono ule wa wazi umemshika nyuma ya shingo au sikio, na kiwiko kinaingia usoni. Kiganja kipo pale kwa sababu kichwa kipo kati. Mikono inayofuata kurudi kiunoni kwa pamoja: umemshika, unamvuta. Ule mkono wa kiunoni unaoulalamikia, Kocha, hausubiri zamu yake ya kupiga, umeshika mkono wa mtu au nguo yake. Na teke lile dogo la wimbi, unyayo unapopanda karibu na paja, linafagia mguu wa aliyekukaribia. Hapo mnapumuliana. Kumite ya pointi inaanza mkiwa mbali na mwamuzi anawatenganisha mkikaribiana, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha Naihanchi inafanya nini.

Tena anayenishuhudia hapa ni mpiganaji. Motobu Choki alijulikana kwa ngumi za kweli. Mwaka 1922 alipanda ulingoni Kyoto dhidi ya bondia wa kigeni, naye alikuwa na zaidi ya miaka 50, akamwangusha. Jarida la King liliandika habari hiyo mwaka 1925, na michoro yake ikawa na sura ya Funakoshi badala ya Motobu, jambo lililoacha uchungu. Mtu huyo ndiye aliyeifanya Naihanchi msingi wa mafundisho yake yote, na kitabu chake cha 1926 kina picha za mazoezi ya watu wawili waliokaribiana, mikono imegusana.

Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu. Kata ukiifanya hewani tu, haipigani. Ila hata zamani haikukusudiwa kufanywa hewani tu.

Kocha Mstaafu

Naihanchi nimekuelewa, na hiyo ya mkono wa kiunoni nitaijaribu na vijana. Lakini hujagusa mashindano. Hizi kata za jukwaani, kiai ndefu, kusimama dakika nzima na kukodoa macho, hizo nazo unazitetea?

Nyundo ya Pwani

Sizitetei zote, Kocha. Lakini kuna hatua moja kati ya Motobu na jukwaa isiyoweza kurukwa, nayo ni vita. Mapigano ya Okinawa yalianza Aprili 1945 na kumalizika Juni. Shuri na Naha ziligeuzwa vifusi. Mwalimu Kyan Chotoku alinusurika mabomu akafa mwaka huohuo kwa njaa na uchovu. Mwalimu Hanashiro Chomo naye alikufa mwaka huo. Shinzato Jinan, ambaye wengi walimtazama kama mrithi wa Miyagi, aliuawa. Miyagi alipoteza pia watoto wake. Kata ambazo mwalimu alikuwa hajamaliza kuzifundisha zilikwenda naye, na daftari ziliungua pamoja na nyumba. Waliobaki walifundisha kwa kumbukumbu, wengine wakiwafundisha askari wa Kimarekani waliokuwa kambini kisiwani. Nikisikia mtu anadai Seisan yake haijabadilika hata kidole, nawaza mwaka huo.

Halafu ndiyo likaja shirikisho la karate la dunia, na mwamuzi anahitaji kipimo. Kwa miaka mingi kwenye mashindano ya dunia kulikuwa na kata 8 za lazima, mbili kwa kila mtindo mkubwa: Kanku Dai na Jion za Shotokan, Seishan na Chinto za Wado, Saifa na Seipai za Goju, Bassai Dai na Seienchin za Shito. Kilichopata alama kikaigwa. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika Agosti 2021, majaji 7 walitoa alama, 70% kwa ufundi na 30% kwa uanariadha. Mchezaji akijua anapimwa kwa kasi, nguvu na mizani, mkao utashuka, teke litapanda, na kituo kati ya pigo na pigo kitarefuka ili jaji aone. Kiai ndefu naichukia kama wewe. Kituo kirefu nakiona kinaua mantiki ya kipande, kwa sababu umemshika mtu shingo halafu unamsubiri.

Lakini nilitazama fainali zile. Sandra Sánchez wa Hispania alichukua dhahabu akiwa na miaka 39, kwa kata ya Chatanyara Kushanku, yaani mjukuu wa yule Koshankin wa 1762. Siku iliyofuata Ryo Kiyuna, mzaliwa wa Okinawa, akafanya Ohan Dai na kuipa Okinawa dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Ohan ni kata ya Ryuei-ryu, mtindo wa ukoo wa Nakaima. Babu yao aliuleta kutoka Fuzhou karne ya 19, na walirithishana wenyewe kwa wenyewe mpaka miaka ya 1970 ndipo wakaanza kufundisha watu wa nje. Kata iliyofichwa ndani ya familia moja vizazi vyote hivyo ikaonekana kwenye televisheni dunia nzima, ikiwa imerefushwa na kung'arishwa kwa ajili ya majaji. Mtu anaweza kusikitika. Mimi nilisimama nikapiga makofi.

Mama Nuru

Marahaba kaka, na samahani kuwarudisha nyuma. Binti kasoma uzi huu wote pamoja nami. Anauliza kama kwenye mtihani anaruhusiwa kufanya mkao wa juu kama wa kwenye picha za Funakoshi, maana magoti yanamuuma.

Nyundo ya Pwani

Mwambie kwenye mtihani afanye kama sensei wake anavyotaka, kwa sababu mtihani unapima dojo ile inafundisha nini. Maumivu ya magoti amweleze sensei kabla ya siku hiyo, asivumilie. Mara nyingi shida ni goti kuingia ndani badala ya kuelekea vidole vilipo, na hilo linarekebishika bila kubadilisha kata.

Akishafaulu, na sensei akiridhia, achukue ngumi ile ya kwanza ya Heian Shodan, amtafute mwenzake amshike mkono kwelikweli, amvute kwa mkono wa gedan barai ndipo aingie na hatua. Akifanya hivyo na mkao mrefu, kisha na mkao mfupi, atajua mwenyewe kila mmoja unafaa umbali gani.

Mdau wa Mvita

Na yule wa Nairobi afanye vivyo hivyo. Wakikutana likizo ijayo mmoja awe wa kushika, mwingine wa kuvuta. Kocha, ukijaribu ule mkono wa kiunoni na vijana wako tupe majibu hapa, hasa kama walivaa glavu au mikono mitupu, maana kwa glavu kushika kwenyewe ni taabu.